Nyundo Isiyowekwa Chini

Kaeni, watu wa Kighunda, mliotoka kuzoa tope mferejini na bado mna udongo kwenye kucha. Kwetu maji hayafunguliwi kabla halijatajwa jina la mtu aliyeyafungua siku ile, na mwenye haraka ya kumwagilia maharage yake na ajue kwamba bila mtu huyo yeye na maharage yake wasingekuwapo.

Zama za babu wa babu zetu, mlima huu haukuwa na kijiji. Watu waliishi mapangoni, familia moja huku na nyingine kule, kwa kuwaogopa wateka watumwa waliopanda kutoka nyikani, na aliyetaka kupiga chafya alizibwa mdomo na mama yake mwenyewe. Ndipo akaja Sefue mwana wa Mashambo, wa ukoo wa wahunzi, Sefue Bega la Mwamba, aliyetekwa angali mdogo, akauzwa pwani, akakombolewa na kubatizwa huko, na ambaye badala ya kubaki kwenye chakula cha uhakika alirudi kwao kwa miguu, siku ishirini na nne, nyundo ya chuma begani na Kitabu kifuani.

Wateka watu walipokuja tena, Sefue aliwasha matanuri saba kwenye kilango cha mlima, akagonga chuma tangu asubuhi hadi jioni akikimbia kutoka tanuri hadi tanuri, hata wale wa chini wakadhani kuna jeshi linafua mikuki. Wakageuza njia na hawakurudi tena. Jeshi lenyewe lilikuwa Sefue, wazee watatu na mbuzi mmoja.

Basi watu wakatoka mapangoni, wakanyoosha migongo yao. Sefue akawaambia habari za Mwana wa Mariamu aliyetoa uhai wake mara moja kwa ajili ya wote. Wakamsikiliza, wengi wakaamini, na wengine wakaamini mbele yake tu, kisha wakapeleka pombe ya mizimu pangoni wasije wakaudhi mtu. Pamoja wakajenga lambo hili mnaloliona juu yetu, likusanye maji ya chemchemi, na chini ya ukuta wake wakaacha tundu pana kama mlango wa zizi la mbuzi, lizibwe kwa gogo la mkuyu, lenye pete ya kufungia kamba, kutoka upande wa majini.

Wakaweka na sheria. Gogo lile lisigongwe kwa chuma kamwe. Wanawake walisukume kwa mabega wakiimba, basi, ili siku ya kufungua watu wachache wenye kamba waweze kuling'oa. Ilikuwa sheria nzuri, na aliyeivunja, nalisema hili kwa uchungu, alikuwa Sefue mwenyewe.

Kwa maana kilikuja kiangazi cha miaka mitatu, watu wakalamba mawe. Tone la kwanza la mvua lilipoanguka wakashikwa na tamaa ya maji: wakauinua ukuta wa lambo mikono mitatu zaidi, wakafukia mkondo wa kupunguzia maji yakizidi, na Sefue, ili mwizi wa maji asije akaligusa gogo, akalikata pete ya kamba, akalipigilia kwa nyundo yake mapigo kumi na mawili. Watu wakapiga vigelegele. Naye akatabasamu, akasema, "Sasa hakuna mkono wa mtu utakaolitoa." Mdomo huponza kichwa, watu wangu, hata kichwa cha shujaa.

Mvua ikanyesha siku tisa bila kupumua. Asubuhi ya siku ya kumi lambo lilikuwa limejaa hadi ukingoni, ukuta ukitoa jasho la matope, na chini yake kulikuwa na nyumba arobaini, wagonjwa ndani, na bonde lenye njia moja tu ya kutokea, nayo ilikuwa imeshamezwa na mto. Watu wakapanda ukutani. Wenye kamba hawakuwa na pa kuifunga.

Hapo Mzee Mrindoko, mlinzi wa lambo, akakumbuka neno ambalo hata babu yake alilinong'ona tu: kwamba maji yakikasirika hutulizwa kwa mtoto asiye na baba. Hakuwa mtu mbaya, msimchukie. Alikuwa na wajukuu kumi na mmoja chini ya ukuta ule, na hofu haina macho. Macho ya wote yakamwendea Naetwe, msichana wa miaka sita, binti wa Namkunda mjane.

Namkunda hakupiga yowe. Alimvuta mwanawe akamfunika kwa kanga yake, akasema, "Nichukueni mimi."

"Wewe una umri, mama," akasema Mrindoko, naye analia. "Ni mtoto yanayemtaka."

Ndipo Sefue akaja kutoka kwenye tanuri lake, watu wakampisha njia. Akasimama kati ya mjane na mzee, na sauti yake, ambayo siku zote ilikuwa kubwa, siku hiyo ilikuwa ya kawaida.

"Baba Mrindoko, nakuheshimu, lakini hapa nakukatalia. Kafara ilikwisha kutolewa. Alitolewa Mmoja, akatosha, na Mungu wangu hadai mara mbili. Maji haya hayana hasira. Yamezibwa, na aliyeyaziba ni mimi, kwa kiburi changu. Nisameheni."

"Unakwenda kujitoa wewe?" akauliza Mrindoko.

"Siendi kuwa kafara, baba. Nakwenda kuzibua."

Akavua shuka yake. Akachuchumaa mbele ya Naetwe, akamwekea nyundo mikononi, nyundo ambayo vijana wa Kighunda waliiinua kwa kuona haya tu kushindwa mbele za watu.

"Nishikie, mwanangu. Usiiweke chini mpaka nirudi."

"Mjomba," akasema mtoto, "maji ni baridi."

"Ni baridi kweli," akasema Sefue. Akafanya ishara ya msalaba, akaingia.

Alizama mara ya kwanza, akaibuka mikono mitupu. Alizama mara ya pili, akaibuka na damu kuchani, akavuta pumzi, akamtazama mtoto na nyundo, akacheka. Mara ya tatu alikaa chini mpaka wanaume wakaanza kuvua nguo wamfuate. Na hapo ukuta ukatetemeka chini ya miguu yao, gogo likatoka kwa mshindo, na maji yakapita tunduni yakinguruma hadi kwenye mfereji, hadi korongoni, mbali na nyumba zote arobaini. Lambo likashuka mkono mmoja, miwili, mitano. Ukuta ukasimama.

Watu walikaa chini pale pale topeni, wakacheka na kulia kwa pamoja. Wakahesabiana nyumba kwa nyumba, na hata mgonjwa hakupungua, hata kuku. Mrindoko akapiga magoti mbele ya Namkunda, akaomba radhi, naye akamwinua. Aliyepungua alikuwa mmoja tu. Walimtafuta siku saba korongoni, wakalipata gogo, Sefue hawakumpata.

Naetwe hakuiweka nyundo chini. Walimbembeleza, akakataa. Jioni mikono ilipomshinda akamwita mama yake aipokee, na mama akampa Mrindoko, na Mrindoko akampa mwingine, na tangu siku hiyo imekwenda kwa zamu, hadi lilipojengwa kanisa letu la kwanza na ikatundikwa kwenye boriti, ipige chuma kila asubuhi kuita watu kwenye sala na kwenye maji; siku kama ya leo hushushwa, ikashikwa na mwenye zamu ya kusimulia. Gogo, kama mlivyofanya leo, husukumwa kwa mabega tu. Na hapa Kighunda yatima hana jina hilo. Huitwa mtoto wa Sefue, na kila nyumba ina sahani yake.

Naetwe aliishi akazeeka, akazaa watoto wanane. Wa tano alimzaa bibi yangu. Bibi aliniambia kwamba Naetwe, hata alipokuwa haoni tena, kila alipoisikia nyundo ikigonga asubuhi alisema, "Bado nimemshikia," kisha akageuka, akalala kwa raha.

Nami zamu yangu ndiyo hii. Nimeishika, ni nzito, na sijaiweka chini. Inukeni basi. Wenye kamba, vuteni, maharage yanangoja.