Mashimo Yote ni ya Bwana Chui

— Hadithi ipo mlangoni!
— Ipite ndani!
— Ina matope miguuni!
— Ipite hivyo hivyo!
— Na mfukoni ina uongo!
— Ndio tunaoutaka!

Haya, sogeeni. Na wewe uliyekalia nafasi ya mwenzio, sogea pia.

Hapo kale, juu kabisa mlimani, mahali ambapo hata mawingu yakifika hupumzika, palikuwa na ziwa. Kando ya ziwa palikuwa na mawe, na katikati ya mawe alikaa Bi Pimbi. Pimbi mnamjua: mfupi, mnene kidogo, hana mkia, na sura yake ni ya mtu aliyeamshwa kabla ya saa yake. Alikaa na mama mkwe wake na watoto watatu, Nataka, Tena na Bado. Majina hayo hakuwapa yeye. Walijiita wenyewe kwa kelele zao.

Mwaka huo baridi ilikuja, ikakaa, ikakataa kuondoka. Sakitu, ule umande ulioganda kwa baridi, ikaanguka juu ya nyasi. Nyasi zikawa nyeupe, kisha zikawa nyeusi, kisha hazikuwapo. Bata wakashukia bondeni. Swala wakashukia bondeni. Asubuhi moja Bi Pimbi akaenda kuteka maji, akatupa kibuyu ziwani, kibuyu kikalia ko! kikamrudia miguuni. Ziwa lilikuwa limeganda. Lote, toka ukingo huu hadi ule, barafu tupu.

Akapiga hatua moja juu yake. Haikuvunjika. Akapiga ya pili. Haikuvunjika. Akalala kifudifudi, akachungulia, na huko chini akawaona samaki wakipita taratibu.

"Kumbe mmejifungia ndani," akasema. "Ngojeni nibishe hodi."

Akachukua jiwe lenye ncha. Kong', kong', kong'! Barafu ikatoboka, shimo la kupitisha mkono tu. Akatia uzi wenye ndoana ya mwiba na buu mmoja mnono. Chubwi! Akakaa juu ya fungu la majani makavu, upepo akaupa mgongo, akangoja.

Kazi ile si ya mwenye haraka. Ziwani mle mlikuwa na samaki wa aina mbili. Mlikuwa na perege, bapa kama sahani, wanaokaa katikati ya maji. Perege huvuta uzi polepole, kama mtoto anayevuta kanga ya mama yake. Na mlikuwa na kodo, wakubwa, wanaolala chini kabisa, wenye macho yaliyokodoka na kung'aa kama vioo. Kodo hang'ati mpaka jua linapoanza kuchoka, na aking'ata hang'ati kwa utani. Bi Pimbi akautikisa uzi kidogo, akatulia. Akautikisa kidogo, akatulia. Vuu! Perege. Akautikisa, akatulia. Vuu! Perege mwingine. Jua lilipoinamia kilele, pu! Kodo. Walivutana mpaka nusura kodo ndiye amvue Bi Pimbi.

Msiniulize tangu lini Pimbi anakula samaki. Tangu siku hiyo. Walikula mpaka Bado akasema "basi", neno ambalo hakuwahi kulitamka tangu azaliwe. Hata mama mkwe aliusifu mchuzi, kisha akajuta kuusifu.

Sasa, harufu ya samaki wa kuchoma haina adabu. Ilitoka nje bila ruhusa, ikapanda jabali kwa jabali mpaka kwenye pango la Bwana Chui.

Bwana Chui ndiye aliyekuwa mkubwa wa mlima ule. Nani alimpa ukubwa, hakuna aliyeuliza, na sababu ya kutouliza ilikuwa ndani ya kinywa chake, yenye ncha, imepangwa safu mbili. Alikuwa na mpiga mbiu wake, Kunguru, aliyemfuata kila mahali na kumwitikia. Tangu swala washukie bondeni, Bwana Chui alikuwa hajala kitu ila sifa za Kunguru, na sifa hazishibishi.

Asubuhi wakamkuta Bi Pimbi ziwani.

"Shikamoo, Bwana Chui."

"Marahaba. Hilo nini?"

"Shimo, bwana."

"La nani?"

"Langu, bwana. Nimelichimba mwenyewe."

"Umelichimba kwenye barafu ya nani?"

"Ya Mungu, bwana."

"Mungu unamwona hapa?"

"Simwoni, bwana."

"Na mimi, unaniona?"

"Nakuona, bwana."

"Basi shimo ni langu. Ondoka."

"Kraa!" akasema Kunguru. "Hukumu ya haki!"

Bi Pimbi akaondoka. Akahesabu hatua kumi, akapiga jiwe. Kong', kong', kong'! Shimo la pili. Chubwi! Akautikisa uzi, akatulia. Vuu! Perege.

Bwana Chui naye alivua. Alivua kama alivyozoea kufanya mambo yake. Aliingiza mkono, akakoroga. Aliingiza pua, akanguruma: "Tokeni!" Samaki hawakutoka. Alipiga barafu kwa miguu, du! du! du! Samaki wakaenda zao upande wa pili, ambako kulikuwa na utulivu na buu. Bwana Chui akaangalia shimo lake, halina kitu. Akaangalia kwa Bi Pimbi, perege watatu wanarukaruka juu ya barafu.

"Samaki wangu wamehamia kwako," akasema. "Hilo shimo la nani?"

Mnajua lilikuwa la nani.

Bi Pimbi akachimba la tatu. Likawa la Bwana Chui. Akachimba la nne. Likawa la Bwana Chui. Siku ya tano Bwana Chui alikuwa na mashimo kumi na mawili, na kila asubuhi yalikuwa yameziba kwa baridi, kwa hiyo alikimbia toka shimo hadi shimo akiyazibua kwa makucha. Akizibua la kumi, la kwanza limeziba. Hakuwahi kuchovya uzi hata mara moja. Alikula samaki wale tu aliomnyang'anya Bi Pimbi, akanona, na akalalamika kwamba kuwa na mali ni mateso.

Ndipo akamtuma Kunguru juu ya jabali, na Kunguru akapiga mbiu:

"Kraa! Wa juu sikieni, wa chini sikieni! Tangu leo mashimo yote ya ziwa hili ni ya Bwana Chui. Yaliyochimbwa na yatakayochimbwa! Kilichomo shimoni ni cha Bwana Chui. Atakayetoa chochote shimoni bila ruhusa ya Bwana Chui ni mwizi, na mwizi ataliwa! Kraa!"

Siku hiyo Bi Pimbi alirudi nyumbani mikono mitupu. Na kesho yake hivyo hivyo. Nataka alinyonya kijiwe. Tena alilala mchana, na kwa mtoto yule kulala mchana ilikuwa habari mbaya. Bado alilamba chungu kitupu. Bi Pimbi akakaa mlangoni, machozi yakamtoka, yakaganda shavuni kabla hayajafika kidevuni.

"Unalia," akasema mama mkwe. "Haya, lia. Ukimaliza utupakulie tule hayo machozi."

"Mama, yule ana meno. Mimi nina nini?"

"Mwanangu alipokuoa nilimuuliza swali hilo hilo. Akaniambia una maneno."

Bi Pimbi akafuta machozi. Akachukua kamba ndefu ya katani, ile ya kufungia kuni, akaificha nyuma ya mawe ya ukingoni mwa ziwa. Kisha akamwendea Bwana Chui pale juu ya barafu kwenye mashimo yake, amejifunga vizuri kama anayekwenda harusini.

"Shikamoo, Bwana Chui."

"Marahaba. Umekuja kuiba?"

"Nimekuja kukupa pole, bwana. Huko mawe ya chini wanakucheka."

Bwana Chui akasimama. "Nani? Wananicheka nini?"

"Wanasema Bwana Chui mzima na mwili wake wote ana vishimo vya pimbi. Nimewaambia nyamazeni. Lakini, bwana, ukweli tuuseme. Huko chini yupo kodo mama yao, mnene kama paja lako. Atapita wapi? Kwenye kishimo cha mkono wangu? Kila jioni anakuja, anatazama juu, anaona hapafai, anarudi."

Mate yakamdondoka Bwana Chui, tone, tone, juu ya barafu. "Nichimbie shimo kubwa."

"Nikuchimbie mimi? Mimi ni mdogo, bwana. Macho yangu madogo, vipimo vyangu vidogo. Nitakupunja bila kukusudia."

"Kweli utanipunja," akasema Bwana Chui. "Nitalichimba mwenyewe. Linapimwaje?"

"Shimo la mkubwa hupimwa kwa mkubwa mwenyewe. Simama hapa, katikati. Sasa nyoosha mkono, piga mstari kukuzunguka, halafu fuata mstari kwa makucha mpaka mwanzo ukutane na mwisho. Ila usitoke katikati, bwana. Ukitoka, samaki watajuaje la nani?"

Bwana Chui akaona ni maneno ya busara. Akaanza. Kwaru, kwaru, kwaru! Barafu ikaruka vipande. Kwaru, kwaru, kwaru! Robo ya duara. Nusu ya duara.

Kunguru alikuwa juu ya jabali, anatazama. Akatazama mstari. Akamtazama Bwana Chui aliye ndani ya mstari. Akafungua mdomo.

"Ndugu Kunguru," akauliza Bi Pimbi kwa upole, "una neno la kumrekebisha mkubwa wako?"

Kunguru akakumbuka mara ya mwisho alipomrekebisha mkubwa wake. Manyoya ya mkia yalikuwa hayajaota yote.

"Kraa," akasema. "Kazi nzuri sana. Aendelee."

Kwaru, kwaru, kwaru! Robo tatu. Jua likaanza kuinama. Kwaru, kwaru... Mwanzo ukakutana na mwisho.

Krrrik! ikasema barafu.

Sahani ile ya barafu ikayumba, na Bwana Chui juu yake kama kitoweo. Na ukingoni, majini, yakatokea macho mawili makubwa yanayong'aa. Kodo kweli! Bwana Chui akasahau katikati, akasahau vipimo, akaruka ukingoni. Sahani ikainuka upande mmoja, ikapinduka. Chubwi-i-i!

Alipoibuka, sauti yake ilikuwa imepungua sana.

"P-P-Pimbi! Nitoe!"

Akashika ukingo kwa makucha, ukingo ukamegeka. Akashika tena, ukamegeka tena.

Bi Pimbi hakusogea. "Bwana, nisamehe. Mimi nina watoto."

"Nitoe, nasema!"

"Wewe uko wapi, bwana?"

"Shimoni!"

"Na kilichomo shimoni? Ndugu Kunguru, hebu rudia mbiu yako."

Kunguru hakuwa mtu wa kuikataa hadhira. "Atakayetoa chochote shimoni bila ruhusa ni mwizi, na mwizi ataliwa! Kraa!"

"Umesikia, bwana. Mimi kuliwa sitaki."

"Natoa r-ruhusa!"

"Ya kutoa nini?"

"Mimi!"

"Wewe peke yako? Je, nikikuvuta ukatoka na perege kwenye sharubu? Nitakuwa mwizi wa perege."

"Ch-chochote! Toa chochote!"

"Leo tu, bwana?"

"Siku zote!"

"Shimo hili tu? Maana nikishazoea kutoa, naweza kukosea shimo."

"Yote! Mashimo yote! Mtu yeyote! Nakufa, Pimbi!"

"Ndugu Kunguru, mbiu."

Kunguru akamtazama Bwana Chui, sharubu zimeanza kuganda. Akamtazama Bi Pimbi. Aliona upepo umegeuka, na ndege hujua mambo ya upepo. Akapiga mbiu pande zote nne, kwa sauti nzuri kuliko ile ya kwanza.

Ndipo Bi Pimbi akaileta kamba, ncha moja akaizungushia jabali, ncha ya pili akamtupia Bwana Chui. Bwana Chui akajivuta, akajivuta, akatoka. Akasimama juu ya barafu, akafungua kinywa amle Bi Pimbi papo hapo.

Kinywa kikafunguka. Hakikufungika.

Upepo wa jioni ulikuwa umempitia. Manyoya yakakauka yakawa mbao. Magoti hayakukunjika. Mkia ukasimama kama mpini wa jembe. Akataka kuruka, akaanguka kama meza. Akainuka, akaanza kushuka mlima akitafuta joto, miguu minne imenyooka, kinywa wazi. Tak, tak, tak, tak. Walisikika mpaka mbali, yeye na hasira zake.

Usiku ule hapakuwa na kilio kwa Bi Pimbi. Asubuhi wote wa mlimani wakaja na nyuzi zao, wakalizibua lile shimo kubwa, wakakaa kulizunguka, perege kwa huyu, perege kwa yule. Kunguru akawa anatangaza nani amepata nini, akijilipa kwa matumbo ya samaki. Baada ya wiki mbili jua likakumbuka kazi yake, barafu ikayeyuka, na mashimo yote, makubwa kwa madogo, yakawa maji tu. Hakuna aliyejua la nani lilikuwa wapi.

Ila Bwana Chui anajua. Mpaka leo yuko huko bondeni kwenye joto, na kila mgeni humwambia kwamba ameshuka kupumzika kidogo tu, kwani huko mlimani ana mashimo kumi na matatu. Na wa bondeni, ambao hawajawahi kuona barafu, humpisha akae kwenye kivuli kizuri.

Nimefika mwisho, na njia ya kurudi siijui. Ikiwa imewanogea, gawaneni. Ikiwa imewachosha, laleni nayo hivyo hivyo.

Na funzo, watoto, ni moja: watiini wakubwa wenu. Watiini neno kwa neno, msiruke hata moja.