Mtoto Aliyerudishwa na Mto, na Milango Mitatu

Kaeni vizuri, na mwenye jibu mdomoni kabla sijaanza alimeze kwanza. Hadithi hii nimeisimulia misibani, nimeisimulia harusini, na kila mahali watu wameondoka wamenuniana. Haya, sikilizeni, halafu mnuniane na nyinyi.

Milimani Uluguru kuna mji mdogo, tuuite Lukwale, umekaa ukingoni mwa mto. Katika mji huo kuna watu watatu waliojaliwa. Bibi Leokadia analima juu kabisa, pale mto unapotoka msituni, naye ana jicho. Anayajua maji kama mama anavyoijua homa ya mwanawe. Apolinari ana shamba katikati ya mteremko, naye ana koo. Akiita mbuzi wake, mbuzi wa kilima cha pili wanainua vichwa. Sikudhani anakaa chini karibu na daraja, naye ana miguu. Enzi zake alikuwa anavuka mto na gunia la kabichi kichwani bila kuyumba. Hawa hawakuwa marafiki wala maadui, walikuwa majirani tu, wa kuazimana chumvi na kusengenyana kidogo.

Sasa mleteni Mwanahawa, fundi cherehani wa Dar es Salaam. Mumewe alifariki akamwachia mtoto mmoja wa miaka saba, Ilham, na Ilham alikuwa mdomo mtupu. "Mama, samaki anasikia kiu? Mama, mlima ukichoka unakaa wapi?" Tangu asubuhi mpaka usingizi umzibe. Mwanahawa alitaka wapate mahali pa kupumua, wakae nje, wasahau msiba. Wakaenda Lukwale masika.

Asubuhi ya kwanza walikutana na Bibi Leokadia akipanda shambani.

"Shikamoo bibi. Mtoto anataka akacheze kwenye lile jiwe la kule chini, karibu na daraja."

Jiwe lenyewe ni bapa, liko katikati ya mto, na maji yalikuwa ya kifundoni. Bibi akayatazama yaliyokuwa yanapita kwake. "Marahaba mwanangu. Mwache acheze, mto umelala leo."

Na kweli ulikuwa umelala. Alipolisema neno lile lilikuwa kweli, msije mkamnyonga bure.

Lakini Lukwale jua linaweza kuwaka mjini huku mvua inapiga kule mto unakotoka. Ndiyo maana wenyeji wana desturi yao. Aliye juu akiona maji yamebadilika hupiga ukelele, wa shamba la chini yake anaupokea, naye anampa wa chini, mpaka unafika darajani na watu wanatoka mtoni. Ni ukelele mrefu, wa Kiluguru, na asiyeujua atadhani mtu anaimba. Siku ile ilikuwa siku ya gulio. Mashamba yote ya chini yake yalikuwa matupu, watu wako gulioni.

Bibi Leokadia akaona maji yanakuja na majani mabichi, rangi ya chai ya maziwa. Akajua. Lakini bibi huyu ana pumu, sauti yake haifiki hata kwa kuku wake. Akakimbia. Mto unazunguka kilima, njia inakata moja kwa moja, basi akaifuata njia, kwenye utelezi, kwa umri ule. Alianguka juu ya matuta mkono ukavunjika. Akainuka, akakimbia nao unaning'inia mpaka uwanjani kwa Apolinari. Alisema neno moja tu, "Maji," akakaa chini.

Apolinari alikuwa nyumbani kwa sababu alikuwa amemzika mkewe juma lile. Katika ukoo wao mfiwa hapazi sauti mpaka matanga yaondolewe. Akipaza, wanasema amemfukuza marehemu kabla hajaagwa. Aliutazama mkeka aliokuwa akikalia mkewe, na akina shemeji walikuwa wanamtazama yeye. Kisha akatoka nje akaupiga ukelele ule, peke yake, badala ya mashamba saba. Uliteremka bonde zima. Pale mtoni Mwanahawa alikuwa ukingoni anamimina chai, akausikia, akaona ni wimbo mzuri. Akapunga mkono. Jamani, alipunga mkono, na mwanawe yuko juu ya jiwe katikati ya mto.

Sikudhani alikuwa anaosha karoti mferejini, apeleke gulioni. Yeye aliujua ukelele. Mto huohuo ulimchukua mwanawe wa kiume masika moja, na tangu siku hiyo hakutia mguu majini. Hata kwenda ng'ambo kuchuma mboga alizungukia darajani. Akamwona mtoto wa watu kwenye jiwe. Akaingia. Maji yalikuwa ya magoti, yakawa ya kiuno, alipomkamata yakawa ya kifua. Yakawabeba wote wawili, yakawapigiza kwenye mizizi ya mti, na hapo ndipo miguu ile ilipopata pa kukanyaga. Alipotoka na Ilham shingoni alikuwa analia akiita jina, na jina lenyewe halikuwa la Ilham.

Mtoto alipona, hakuwa hata na mchubuko. Ila hakusema tena.

Mwanahawa alirudi naye Dar es Salaam akadhani ni ya siku mbili. Hospitali wakamwambia koo ni zima na masikio ni mazima. Shehe akamsomea, mtoto akatulia kama alivyokuwa ametulia. Akimwita, anageuka na kumtazama, basi. Mwanahawa akawa anakata vitambaa vya watu upande, machozi yanamdondokea kwenye cherehani. Alitamani aulizwe hata swali moja la kipuuzi. Nyumba iliyokuwa na kelele ikinyamaza, nyinyi hamjui inavyouma, na Mungu asiwajulishe.

Ndipo Bibi Leokadia alipompigia simu kumjulia hali mtoto, akasikia habari. "Mwanangu, sisi huku tuna la kwetu. Mto ukimwachia mtu hubaki na kitu chake. Lazima arudi akichukue. Aje masika, aje kipupwe, aje vuli, aje kiangazi. Mwaka mzima. Kila akija ashinde nje ukingoni na aliyemtoa majini, ale chunguni mwake, alale kwake. Lakini ni mlango mmoja tu. Ukishaingia huo ndio huo. Ukimgawa kwa milango miwili, hofu inapita katikati na haitoki tena."

Mwanahawa hakuwa mtu wa kuamini mambo hayo. Lakini mfa maji haachi kutapatapa. Akaanza kuupanga mwaka: sweta za baridi ya kipupwe, viatu vya matope ya vuli, kofia ya jua la kiangazi. Akawaambia wateja wake watafute fundi mwingine kila msimu ukigeuka, na wengine wakaondoka moja kwa moja. Masika ilikuwa bado haijaisha alipomshika mtoto mkono wakapanda tena Lukwale.

Darajani akawakuta wote watatu wanamngoja.

Bibi Leokadia mkono wake ulikuwa kwenye bendeji. "Mwanangu, mimi ndiye niliyeyaona maji. Na ni mimi niliyekwambia mto umelala. Nipe mtoto nitengeneze nilichoharibu, la sivyo nitaingia nalo kaburini."

Apolinari akavua kofia. "Mama Ilham, shemeji zangu hawakanyagi tena kwangu. Wanasema nimemfukuza dada yao. Mtoto huyu asiposema, basi nilimfukuza mke wangu bure."

Sikudhani akaja wa mwisho. Alikuwa anamtazama Ilham, si mama yake. "Shingo aliyoishika ni yangu," akasema. "Mpaka leo naisikia mikono yake. Wangu hakupata wa kumshika."

Mwanahawa akapiga magoti palepale, mbele ya watu. "Mwanangu, nionyeshe basi. Nyoosha kidole tu. Nani alikutoa?"

Ilham aliwatazama mmoja mmoja. Kisha akautazama mto, akaficha uso kwenye nguo ya mama yake. Mwanahawa akalia kwa sauti, na hakuna hata mmoja wa wale watatu aliyethubutu kumsogelea, kwa kuogopa wenzake wataona anamvutia kwake.

Haya, zamu yenu. Asiniambie mtu "wote watatu", hilo ni jibu la asiyewahi kuwa na mtoto bubu mkononi. Jicho lisingeona, koo lingeita nini? Koo lisingeita, miguu ingejuaje? Na miguu isingeingia, tungekuwa tunazungumzia matanga mengine. Mama yuko magotini pale darajani, hawezi kurudi mjini na hajui aende mbele kwa nani. Ungekuwa wewe, ungempeleka mtoto mlango upi, na wale wawili waliobaki ungewatazama usoni ukawaambia nini?