Bakuli la Mkwe

Mwanamke mmoja, jina lake Mkunde, alikuwa na baba wawili: mmoja alimzaa mlimani, mwingine alimpokea bondeni awe mke wa mwanawe. Aliwapenda wote, nao walimpenda. Mlima na bonde vilikuwa kijiji kimoja, na maji yao yalipita katika mfereji mmoja.

Mlimani, mgeni akibakiza chakula amemtukana aliyepika. Bondeni, mwenyeji akiacha bakuli la mgeni likae tupu, amemfukuza. Mkunde alipojifungua binti, baba yake alishuka kumwona mjukuu, akaandaliwa makande. Akala, akamaliza. Baba mkwe akamwongezea. Akamaliza tena, akaongezewa tena. Mzee wa watu alitoka jasho, akalegeza mkanda, akaendelea kutafuna; na jikoni mama mkwe alikwangua chungu, akaazima kwa jirani, mwisho akatia motoni hata mahindi ya mbegu. Mkunde aliyaona yote, mtoto akiwa kifuani. Mila zote mbili alizijua. Lakini mkaza mwana hafundishi wakwe, wala binti hamkatizi babaye mbele za watu. Akainamisha uso, akaona kwamba hiyo ndiyo heshima.

Baba alirudi kwake akiegemea fimbo, akasema wale walitaka kumpasua tumbo wapate kumcheka. Bondeni wakasema wamevamiwa na nzige. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Ulipofika uchaguzi wa mwenyekiti, mgombea wa bondeni aliuliza kama ghala la kijiji wapewe walafi. Wa mlimani akaapa kuwafungia maji wanaodhihaki wageni. Wote wawili walipigiwa makofi. Akashinda wa mlimani, na mfereji ukafungwa. Mahindi yakageuka manjano. Mtoto akatambaa, akasimama, akatembea, na babu yake hakushuka tena. Hilo lilimchoma Mkunde kuliko mahindi.

Siku moja alipika makande, akawaita wazee wote wawili penye mfereji uliofungwa. Walikuja kwa ajili ya mjukuu, wakakaa bila kutazamana. Baba akala akamaliza, kwa kuwa ndivyo alivyolelewa. Baba mkwe, pamoja na uchungu wake wote, akanyoosha mkono kuchukua upawa. Mkunde akalifunika bakuli kwa kiganja.

“Baba zangu,” akasema, “huyu anamaliza kwa heshima, na huyu anaongeza kwa heshima. Nilijua tangu siku ya kwanza, nikanyamaza. Nisameheni.”

Mkunde alipoondoa kiganja, baba mkwe akapakua upawa mmoja tu, kisha akauweka chini. Baba akala polepole, na alipofika karibu na mwisho akasita, akabakiza vijiko viwili. Lilikuwa jambo gumu kuliko yote aliyowahi kufanya mezani pa mtu. Mjukuu akasogea, akavila.

Wakainuka pamoja kwenda kwa mwenyekiti. Maji yalirudi, ingawa mahindi ya mwaka ule hayakurudi.

Ndugu zangu, wangapi kati yetu tumezaliwa huku tukalishwa kule, tunajua vizuri kwa nini mwenzetu anafanya anavyofanya, na bado tunakaa kimya makofi yanapopigwa?