Vazi la Malkia Kemilembe

Paukwa!

Pakawa!

Niseme, au ninyamaze?

Sema, bibi, tunasikia!

Basi, katika nchi ya vilima na migomba alikuwako mfalme, jina lake Byabato. Mkewe aliitwa Kemilembe, na binti yao mdogo Kokubanza.

Desturi ya nchi ile, malkia alivaa nguo ya gome la mti, nzito, toka mabegani mpaka miguuni, na usoni aliteremsha shanga zilizotungwa kama pazia. Watu wakiiona nguo ile walipiga magoti. "Malkia wetu huyo!"

Kemilembe aliipenda siku za sherehe. Lakini Byabato alitaka aivae kila siku, jua liwake, mvua inyeshe.

"Bwana wangu, inanichubua mabega," Kemilembe alisema. "Leo niache nivae pamba."

"Vaa gome. Wewe ndiye mila yetu."

Akaomba mara ya pili.

"Vaa gome."

Akaomba mara ya tatu.

"Vaa gome! Bila vazi hilo nani atakujua?"

Kemilembe akavaa gome. Hakuomba tena.

Siku moja alikwenda mtoni kuoga. Akavua vazi, akaliweka juu ya jiwe, akaingia majini. Kumbe ndani ya matete limejificha zimwi, meno kama majembe! Likalivaa lile vazi, likajitikisa, likanywea mpaka likawa kimo cha mwanamke. Likateremsha shanga usoni, huyoo, likashika njia ya kwa mfalme.

Watu wakapiga magoti. "Malkia wetu huyo!"

Kemilembe alipotoka majini, vazi hakuna. Mama mmoja aliyekuwa akifua akamwazima shuka la pamba. Akakimbia mpaka langoni.

"Nifungulie, ni mimi malkia."

"Malkia ameshaingia, mama," mlinzi akasema. "Vazi lake nimeliona."

Akapenya, akawakuta wazee wa baraza.

"Malkia ameshaingia. Vazi lake tumeliona."

Akapiga kelele mpaka Byabato akatoka, na zimwi kando yake, limetulia tuli.

"Bwana wangu, nitazame. Miaka tisa tumekula pamoja."

Byabato akamtazama. Moyo wake ukamwambia, ndiye. Lakini wazee walikuwa wakimwangalia, na vazi lilikuwa pale ubavuni pake.

"Malkia ni huyu aliyevaa," akasema. "Mtoeni huyo."

"Baba, yule ndiye mama!" Kokubanza akalia. Nani amsikilize mtoto?

Kemilembe akaenda zake. Hakugeuka nyuma.

Basi, siku ya kwanza akapotea ndama mmoja zizini. Siku ya pili wakapotea wawili. Siku ya tatu Byabato akamkuta yule mwenye vazi amemshika Kokubanza mkono, anamnusa shingo. Akazirarua shanga. Meno kama majembe! Akadaka mkuki.

Zimwi likacheka. "Unanifukuzia nini? Ulitaka vazi, nami nimelivaa."

Likatimka nalo mwilini, likazama msituni.

Byabato akamtafuta mkewe miezi mitatu. Akamkuta ng'ambo ya ziwa, anapalilia maharage, mabega yamepona.

"Nisamehe, Kemilembe. Siku ile nilikujua."

"Najua ulinijua," akasema. "Ungekuwa hukunijua, leo ningerudi."

Byabato akapiga magoti pale kwenye matuta. Kemilembe akampa maji, akamngoja anywe.

"Nenda kabla mvua haijaanza. Mwanangu mlete anione."

Mfalme akarudi peke yake. Akatangaza kwamba wanawake wa nyumba yake wavae wapendavyo. Wengine wakavaa pamba. Wengine, siku za sherehe, wakavaa gome kwa hiari yao, wakacheza nalo, likapendeza kuliko zamani. Kokubanza akawa anaishi huku na kule, msimu kwa mama, msimu kwa baba. Na Byabato akazeeka akiwatazama wanawake wakipita, mmoja mmoja, usoni, na kiti cha kando yake kitupu.

Hadithi yangu imekomea hapo, wajukuu zangu. Mavazi ya jadi ni mazuri kwa anayeyavaa kwa kupenda. Lakini mtu ni mtu kabla hajavaa, na ukimjua, sema kwamba unamjua, hata kama watu wanakuangalia.