Baharia Aliyepewa Pole

Nani ana masikio?

"Sisi, bibi!"

Nani atalala kabla sijamaliza?

"Kombo!"

Kombo, sogea hapa karibu nikufinye vizuri. Haya. Hapo kale, kale yenyewe ya kale, kabla hata bibi yangu hajaota meno, palikuwa na mji wa bandari ukiitwa Mkunguni. Mjini alikuwemo Liwali, na Liwali alikuwa na karatasi ndefu yenye mhuri. Mkataba huo! Kaandikiana na mfalme wa ng'ambo, mwenye meli nyingi hata mwenyewe hazijui zote. Mfalme kasema, "Baharia wangu akitoroka melini akaingia mjini kwako, mkamate unirudishie." Liwali kasema, "Na wangu akitorokea kwako, nawe nirudishie." Wakapiga mihuri, pwa! pwa!

Unauliza nini, Tatu? Wakubwa wazima wanaandikiana juu ya baharia mmoja kwa nini? Hata mimi nilimuuliza bibi yangu hivyo hivyo. Akaniambia, "Meli haijiendeshi, mjukuu wangu. Mabaharia wote wakishuka wakaupenda mji, meli itaoza gatini na mzigo wake ndani." Kwa hiyo wakubwa waliwaogopa wale wale wanyonge wa kusugua sitaha, ajabu hiyo! Lakini mle mkatabani, chini kabisa, palikuwa na kijineno kimoja: mtu ambaye kwao ni hapo mjini, harudishwi. Kishikeni hicho. Kombo, umekishika?

"Nimekishika."

Uongo mtupu, lakini tuendelee.

Siku moja ikaja meli ya moshi, ikapakia nazi, ikaondoka. Nyuma akabaki baharia mmoja, Gafuri, kijana wa kutoka Uhindini, mgongo wote alama za kamba za nahodha. Kaona mlango wazi, kaingia. Mwenye mlango alikuwa Bi Mize, mjane asiye na mtoto, mpika vitumbua, na mdomo anao!

"We nani?"

"Baharia."

"Sikukuuliza kazi. Umekula?"

"Sijala."

"Basi kaa."

Akakaa, akala. Kesho yake akakaa, akala. Akatwanga mchele, akateka maji, akakaa, akala. Akawa anamwita mama, na Bi Mize anamwita mwanangu mvivu we. Mwaka ukazunguka.

Meli ikarudi. Nahodha, pua nyekundu, akaenda moja kwa moja kwa Liwali, akaugonga mkataba mezani. "Gafuri wangu yuko hapa. Namtaka!"

Liwali akausoma, akaguna. Angefanyaje? Akivunja neno, mabaharia wake waliotorokea ng'ambo ndio hao, hatawaona tena. Akasema, "Kesho utampata." Na mji mzima ulijua Gafuri akirudi melini yatakayompata. Safari hii angepigwa mpaka afe.

Alfajiri yake Bi Mize, aliyekuwa mgonjwa siku nyingi, akafariki.

Watu wakasema, sasa Gafuri atakimbia, maana njia ya shamba iko wazi na askari wote wako mazikoni. Hakukimbia. Yeye ndiye aliyeingia kaburini kumpokea, na hiyo ni kazi ya mwana. Kisha akavaa kanzu ya marehemu mume wa Bi Mize, akakaa kwenye mkeka wa matanga, kichwa chini, analia. Minong'ono ikaanza. Huyu analia kweli? Au amejua kwamba kwetu mtu hakamatwi matangani, anangoja meli iondoke? Nyinyi mwasemaje?

"Anajificha!"

"Analia kweli!"

Msipigane. Ngojeni.

Nahodha akachoka kungoja, akaja mwenyewe matangani na mkalimani wake. Mkalimani akamnong'oneza, "Bwana, hapa huingii ukaanza kudai. Kwanza toa pole." Nahodha, ili mambo yaishe upesi, akavua kofia, akapita mkekani akishika mikono. Pole. Pole. Pole. Akamfikia mwenye msiba, yule wa kanzu aliyeinama, akamshika mkono kwa mikono miwili kama alivyofundishwa. "Pole sana kwa kufiwa na mama." Akanywa na kahawa! Ndipo akageuka. "Haya, Gafuri wangu yuko wapi?"

Weee! Mji mzima ukashika mdomo.

Liwali, aliyekuwa kasimama mlangoni, akakohoa. "Nahodha, huyo uliyempa pole ndiye Gafuri. Umempa pole ya mama mbele yetu sote, na kahawa ya msiba wake umekunywa. Kwetu sisi, mtu akifiwa na mama hapa, basi kwao ni hapa. Na mkataba wako unasema wa hapa harudishwi."

"Sikumtazama usoni! Nairudisha pole yangu!"

"Pole hairudishwi, bwana."

"Basi huyo ni mlaghai! Machozi ya uongo! Meli ikiondoka tu, mtamwona anacheka." Akatoka kwa hasira, kofia kaisahau.

Neno hilo lilimchoma Liwali, maana hata yeye alikuwa hana hakika. Akabaki pale, anamtazama Gafuri tu. Meli ikapiga honi. Watu wote wakageuka kumtazama. Ikapiga tena. Moshi ukaonekana juu ya mapaa, ukaenda, ukaenda, ukapotea. Gafuri yuko vile vile, anapangusa macho kwa mkono wa kanzu. Liwali akamgusa bega.

"Mwanangu, meli imeondoka."

Gafuri akainua kichwa. "Meli gani?"

Liwali akavua viatu, akakaa naye mkekani, na yeye akalia.

Basi wajukuu zangu, mkimkuta mgeni analia, msisimame mlangoni kumpima machozi. Ingieni, mpeni pole, mengine yatajulikana baadaye. Hadithi yangu nimeitua hapa kizingitini: anayetoka aibebe, anayebaki ailinde. Kombo, ulikishika kile kijineno?

Kombo?

Si nilisema. Haya, msogezeni, jua linampiga usoni.