Pimbi na Waziri Aliyekuwa Tayari Siku Zote

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walikuwa na Bunge lao. Ndiyo, Bunge! Mnacheka nini? Lilikuwa na viti, lina kengele, lina Spika, na lina waheshimiwa wa kusinzia.

Kiti cha mbele, kile kipana, alikaa Kiboko, Waziri wa Maji. Ubavuni pake alikaa Nyati, mnadhimu wa Serikali, yaani yule ambaye kazi yake ni kuhakikisha wakubwa wote wanapiga kura upande mmoja. Na huko nyuma kabisa, karibu na mlango, mahali ambapo chai ikifika imeshapoa, alikaa Pimbi, mbunge wa Majabalini.

Pimbi mnamjua? Kale kamnyama ka kwenye mawe. Mkia hana, shingo hana, lakini akili anayo mpaka inamwagika.

Siku ninayoisimulia, Pimbi aliingia bungeni roho yake haijatulia. Asubuhi hiyo Mama Kalunguyeye alikuwa amemsimamisha njiani, amembeba mtoto kifuani. Mgongoni angembeba vipi, na miiba ile?

"Mheshimiwa, kura tulikupa, hatukukupa?"

"Mlinipa, mama."

"Maji yako wapi?"

Midomo ya yule mtoto ilikuwa imepasuka. Alikuwa ameshaacha kulia, na hilo ndilo lililomtisha Pimbi zaidi.

Maji yalikuwepo, tena mengi, katika Bwawa la Matete, chini tu ya mawe yao. Ila bwawa lilikuwa limezungushiwa ua wa miiba, mwaka wa saba sasa. Waziri alisema panafanyika upembuzi yakinifu, yaani yanapimwa maji kama yanafaa. Na aliyekuwa anayapima ni nani? Kiboko mwenyewe, peke yake. Anaingia asubuhi, anatoka jioni, tumbo juu, macho kafumba. Ukimuuliza, anasema, "Napima kina."

"Bunge lenu linafungwa leo mpaka masika," Mama Kalunguyeye alisema. "Mkirudi hamtatukuta. Kesho tunahama, na njia yenyewe ni ile inayopita kwa Fisi. Unajua watafika wangapi."

Pimbi alijua. Aibu ilimchoma, akaondoka bila kuaga.

Basi kengele ikalia, ngriii! Spika akaingia. Spika alikuwa Twiga, mpenda kanuni, anazijua zote kwa moyo.

"Mheshimiwa Pimbi, simama uulize swali lako."

"Nimeshasimama, Mheshimiwa Spika."

"Simama, bwana, nakuona umekaa."

"Hapa ndipo ninapoishia, Mheshimiwa Spika!"

Kwa kwa kwa! Wakubwa wakacheka, wakagonga meza. Pimbi akawaacha wamalize. Alikuwa amezoea.

"Mheshimiwa Spika, watoto wa Majabalini wanakunywa tope. Je, ni lini Serikali itafungua Bwawa la Matete?"

Kiboko akanyanyuka, gruuu, kiti kikashukuru. Akakunjua karatasi.

"Mheshimiwa Spika, Serikali inatambua umuhimu wa maji. Mchakato unaendelea. Upembuzi yakinifu umefikia asilimia arobaini. Hali ikiruhusu, kazi itaanza."

Pu! Pu! Pu! Meza zikagongwa. Ile karatasi Pimbi aliitambua kwa doa lake la chai. Ndiyo iliyosomwa mwaka jana, na mwaka juzi ilijibu swali la daraja.

Kifua kilimwaka moto. Alitamani kurukia ile meza ya mbele na kuitafuna. Lakini kutafuna meza kungempa nini Mama Kalunguyeye? Akameza hasira yake, akafikiri.

Miaka minne kule nyuma, wenzake wakikoroma, yeye alikuwa akitazama. Na alikuwa amegundua mambo mawili kuhusu Kiboko. Kwanza, ukimsifu, masikio yanamcheza, macho yanalegea, hasikii tena kitu. Pili, mbunge yeyote akimalizia swali kwa "je, Waziri yuko tayari?", hujibu "niko tayari" pale pale. Chura alishamuuliza kama yuko tayari kutembelea jimbo lake. Akajibu niko tayari. Alikwenda? Thubutu!

"Mheshimiwa Spika, nina swali moja dogo la nyongeza," Pimbi alisema. "Lakini nisiwe mwizi wa fadhila. Kwanza nimpongeze Waziri."

Masikio ya Kiboko yakacheza.

"Waziri huyu ni mchapakazi. Ni msikivu. Ana umbo la uongozi. Tangu tuumbwe hatujapata waziri mwenye mapana kama yake. Nampongeza yeye, naipongeza familia yake, nalipongeza hata tumbo lake, maana limebeba mengi kwa ajili yetu..."

Akaendelea hivyo, sauti ile ile, taratibu, mmmm, kama mama anayembembeleza mwana. Macho ya Kiboko yakalegea. Nyati kichwa kikaanguka. Tembo mkonga chini. Kiti cha mbele chote, krrr, krrr.

Hapo ndipo Pimbi, bila kubadili sauti, aliposema, "Je, Waziri yuko tayari kufuatana nami leo hii kwenda Majabalini, akakae juu ya jiwe, asiguse maji hata tone, mpaka mtoto wa mwisho wa jimbo langu anywe ashibe?"

Viti vya nyuma wakageukiana! Chura alipaliwa na mate.

"Niko tayari, Mheshimiwa Spika," Kiboko akajibu kwa usingizi. "Tena nashukuru sana kwa pongezi."

Pimbi hakungoja. Neno la Waziri peke yake linafutika, hilo alilijua. Kura ya Bunge haifutiki.

"Mheshimiwa Spika, kwa kuwa Waziri mwenyewe ameridhia, natoa hoja kwamba Bunge liazimie ahadi yake itekelezwe leo, kabla ya jua kuzama, na Mheshimiwa Nyati amsindikize. Naomba kutoa hoja!"

"Naunga mkono!" wakasema Chura, Panya na Kenge, wote kwa pamoja.

Twiga akainamisha shingo, akamtazama Waziri. Akakohoa kidogo. Waziri akajigeuza upande wa pili. Basi, katika kanuni zote alizozijua Twiga, hapakuwa na hata moja inayomtaka Spika aamshe mawaziri.

"Sasa nawahoji. Wanaoafiki waseme ndiyo!"

Neno "wanaoafiki" Nyati hulisikia hata akiwa ndotoni. Akapiga kwato sakafuni, ti! Na wakubwa, kama walivyozoea miaka yote, wakapanua midomo bila kufungua macho.

"NDIYOOOOOO!"

Paa likatikisika. Na sauti iliyozishinda zote, nene, ya kutoka tumboni, ilikuwa ya Kiboko.

"Wasioafiki waseme siyo!"

Krrr.

"Walioafiki wameshinda!"

Kiboko akafungua jicho moja. "Tumeshinda?"

"Tumeshinda, mzee," Nyati akasema huku akipiga miayo.

"Safi sana. Tumepitisha nini?"

Kasuku, karani wa Bunge, ambaye neno likisemwa mbele yake halipotei, akasimama akarudia yote. Leo hii. Juu ya jiwe. Asiguse maji hata tone. Mpaka mtoto wa mwisho.

"Heee!" Kiboko akaruka. "Mheshimiwa Spika, nafuta kauli!"

"Kauli yako futa," Twiga akasema. "Azimio la Bunge hulifuti. Umelipigia kura mwenyewe, tena umetupasua masikio. Mheshimiwa Nyati, msindikize."

"Mimi tena?" Nyati akauliza.

"Umesema ndiyo."

Wakafika Majabalini jua la saa nane. Kiboko akapandishwa juu ya jiwe pana linalotazama bwawa. Maji anayaona, yanameremeta, hatua mia tu. Ngozi ikaanza kumkaza, ikaanza kumpasuka, akawa anainua mguu huu, anashusha ule.

"Ndugu yangu Pimbi, nimwagie tone moja tu."

"Mchakato unaendelea, Mheshimiwa."

"Unaisha lini?"

"Umefikia asilimia arobaini."

"Nitakufa!"

"Hali ikiruhusu, Mheshimiwa, tutakumwagia."

Wananchi wa Majabalini walikuwa wametoka mapangoni, wamejaa juu ya mawe, wanatazama. Hakuna aliyecheka. Kiboko akawatazama, akalitazama jua, na ujasiri wote ukamwisha.

"Nyati! Kang'oe ule ua!"

"Na upembuzi yakinifu, mzee?"

"Upembuzi gani! Maji ni mazuri, nayajua, nimeyaoga miaka saba!"

Lo! Akajishika mdomo, lakini limeshatoka.

"Kumbe," alisema Mama Kalunguyeye.

Nyati akainamisha pembe, kraaa, kraaa, miiba ikaruka huku na huku. Watoto wakateremka mbio. Panya wadogo, kenge wadogo, pimbi wadogo, wakatumbukiza nyuso zao majini, wakanywa mpaka matumbo yakawa ngoma. Kila mmoja alipoinua kichwa, Kiboko alipiga kelele kutoka juu, "Huyo ameshiba! Anayefuata!"

Wa mwisho alikuwa mtoto wa Mama Kalunguyeye. Mama yake alimweka ukingoni, akamlowesha midomo kwa ukucha. Mtoto hakufanya kitu. Pimbi akapiga magoti kando yake. Sauti ya Kiboko hakuisikia tena.

Mtoto akatoa ulimi. Akaramba. Akaramba tena.

"Meza, mwanangu, meza!" Kiboko akalia huko juu, machozi yanamtoka. "Kunywa, baba, kunywa!"

Mtoto akanywa taratibu, akipumzika, akinywa tena. Jua likaanza kushuka.

"Umeshiba?" Pimbi akamuuliza.

Mtoto akafikiri. "Bado."

"Mamaaa!" Kiboko akajipigiza chini, ti!

Hatimaye mtoto akacheua, akamwangalia mama yake, na kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi akalia. Akalia kwa nguvu, kama watoto wanavyotakiwa kulia. Mama Kalunguyeye akamkumbatia, naye akalia. Pimbi akageuza uso, mbunge asionekane analia jimboni kwake.

"Ameshiba," akasema.

Kiboko akaporomoka kutoka juu ya jiwe, dubu dubu dubu, akakimbilia bwawa lake. Akakuta limejaa. Watoto wanaogelea, kina mama wanateka, vyura wanaimba. Pakubwa pa kumtosha hapakuwepo. Akasimama pembeni na kubembeleza, "Jamani, naomba kupita."

"Mheshimiwa," Mama Kalunguyeye akamwambia, "subiri zamu yako."

Na Waziri akasubiri. Basi wanangu, funzo ni hili: anayesema ndiyo bila kusikiliza, iko siku ataipitisha adhabu yake mwenyewe, tena kwa sauti kubwa kuliko wote.