Ubao wa Njia ya Uthiru

Wahenga waliposema kwamba mchagua jembe si mkulima, hawakuwa na ugomvi na majembe. Walikuwa wamemwona mtu amesimama dukani, analipima hili, analigonga lile, analirudisha, analichukua tena, na huko nyuma mvua inanyesha na majirani wamekwisha kupanda. Mtu kama huyo hupendeza kumtazama. Ana jicho la kutambua kitu kizuri. Kasoro yake ni moja tu, nayo ni kwamba shamba lake ni msitu.

Mnamo mwaka wa 1951 mtu huyo alikuwa Thika, na jina lake lilikuwa Ephantus. Jembe lake lilikuwa njia.

Kazi yake ilikuwa kuandika kwa rangi katika karakana iliyounda bodi za mbao za mabasi. Basi lilipokuwa tayari, Ephantus alipanda ngazi na kuliandika kwenye paji la uso mahali liendako: Kiambu, Pumwani, Dagoretti, Kabete. Yeye mwenyewe alizaliwa Ruiru na kufanya kazi Thika, na hakuwahi kwenda mbele ya hapo. Lakini brashi ilipotembea, naye alitembea nayo. Akiandika Kiambu alisikia harufu ya mvua kwenye migomba. Akiandika Dagoretti alisikia kengele za ng'ombe. Mara nyingi mwenye karakana alimwita hadi sauti ikamkauka, kumbe fundi wake yuko mbali, yuko kwenye herufi ya pili ya Kabete.

Msimu wa kuchuma kahawa ulipofika, Waceke, mama aliyewauzia mafundi uji, alitembelewa na binti ya kaka yake kutoka Uthiru, ng'ambo ya pili ya jiji la Nairobi. Binti huyo aliitwa Wakonyo. Siku ya kwanza alipoleta uji alisimama chini ya ngazi, akatazama juu.

"Umeandika Kabete. Ni karibu na kwetu. Umewahi kufika?"

"Bado."

"Sasa mbona umeiandika kama unaiona?"

Ephantus aliichomeka brashi mkebeni. Alishuka, akanywa uji ukiwa moto, akaungua ulimi wala hakujali. Alikuwa amependa, tena bila kusitiri. Msimu wote wakawa wakizungumza chini ya ngazi ile, na mafundi wakawa wakicheka chinichini. Kahawa ilipokwisha, Wakonyo alifunga mzigo wake.

"Kuja kwa baba," alimwambia. "Lakini ufike mapema. Baba hapokei watu wa posa jua likishapita utosi. Anasema mchumba wa alasiri ni mvivu."

"Nitakuja," Ephantus akasema, na alisema kwa moyo mmoja.

Basi hapo katikati palikuwa na Nairobi, jiji kubwa lisilo na huruma kwa mgeni. Ephantus aliona ni aibu kulivuka ovyo. Aliokota ubao uliobaki, akaupiga msasa, akaanza kulichora jiji. Mto akautia rangi ya buluu, reli nyeusi, njia za mabasi nyekundu. Nje kabisa, upande wa machweo, alichora lango dogo la kijani, na hakumwambia mtu ni la nani. Kila dereva aliyeleta basi aliulizwa: La kwanza hutoka saa ngapi? Husimama wapi? Nikishuka Pangani, nitapata la Kabete au nitangoja? Kila jibu jipya lilifuta mstari wa zamani.

Adhuhuri, wenzake walipolala kwenye maranda, jua lilipenya matundu ya mabati na kuuangukia ubao. Jiji likametameta. Ephantus aliketi mbele yake akasafiri. Alishuka hapa, akapanda pale, upepo ukamgusa shingo, watu wakampisha. Mwisho wa mstari mwekundu, Wakonyo alikuwa amesimama langoni, na jua halijapita utosi. Aliyaona hayo waziwazi hata akatabasamu peke yake.

Nzomo, seremala kutoka upande wa mashariki ya Thika, alimtazama akatikisa kichwa.

"Aiya! Ephantus, Jumapili hii unaenda ama huendi?"

"Jumapili mabasi ni machache, Nzomo. Nikienda kwa gari moshi nitachelewa. Nikipitia mjini nitapotea sokoni. Ngoja kidogo, njia nzuri inakuja."

"Njia haiji, rafiki yangu. Wewe ndiye unaenda."

Ephantus alicheka. Wiki iliyofuata Waceke alimletea uji, akaketi kando yake, jambo ambalo hakulizoea.

"Wakonyo anauliza kama rangi imekauka," alisema. "Na mimi nakuambia, kaka yangu Ndung'u ameanza kuulizwa habari za posa na watu wengine. Mvua ya masika isikupate hapa."

"Nitaenda, shangazi. Nimebakisha kidogo tu."

Na kweli, hakuwa anadanganya. Siku chache baadaye aliipata. Njia bora ilikuwa kutoingia mjini kabisa: kushuka Muthaiga asubuhi, kukata kupitia Parklands hadi Westlands, na kulipanda huko basi la Kabete likiwa bado na nafasi. Aliuchora mstari ule bila kuinua brashi. Moyo ulimruka kwa furaha. Lakini ubao mzuri namna ile ungeachwaje bila vanishi? Akapaka tabaka la kwanza, akangoja likauke. Akapaka la pili. Wakati huo matone makubwa ya masika yalianza kugonga mabati.

Mvua ilipopungua, Waceke alirudi, na hakuketi.

"Githinji wa Gatongora amefika kwa kaka yangu kuposa," alisema.

Ephantus alimjua Githinji, jirani yake wa huko Gatongora, Ruiru, mtu wa kupeleka maziwa hadi kwa Waceke, asiyeweza kutofautisha Dagoretti na Dar es Salaam. "Alipitia wapi?"

"Ngai! Hata yeye hajui. Alipanda basi lisilo lake, akajikuta Karen, upande mwingine kabisa wa jiji. Akauliza. Akapanda lingine, akauliza tena. Alifika jua likizama, viatu mkononi, matope hadi magotini."

"Jua likizama! Na Mzee Ndung'u hakumfukuza?"

"Alimtazama ile miguu, akasema, 'Mvivu angerudi kwao alipojikuta Karen. Leteni maji aoshe.' Wakonyo aliniuliza habari yako, mwanangu. Nikamwambia rangi haijakauka. Amekubali."

Ephantus aliinuka. Aligeuka akaushika ubao. Vanishi ilikuwa bado inanata kwenye vidole.

Baada ya miezi michache basi liliingia karakanani kuandikwa kibao cha harusi ya Githinji. Nzomo alinyoosha mkono kuichukua brashi, lakini Ephantus alikataa. Aliandika UTHIRU kwa herufi nzuri kuliko zote alizowahi kuandika, na hakusafiri popote. Alipokuwa akishuka, dereva alimwuliza, "Fundi, wanasema wewe unajua njia. Nitavuka Nairobi vipi na watu wa harusi?"

Ephantus akafuta brashi. Kisha akaingia ndani, akatoka na ubao, akamwekea dereva kando ya usukani.

Jumatatu dereva aliurudisha, uso umemkunjuka. "Njia yako ni asali, fundi! Tumefika hata kabla ya saa sita. Yule mzee alishangaa. Bibi harusi mwenyewe aliuliza nani amechora. Nilipomwambia, aliugusa hapa, kwenye hili lango la kijani, kisha akapanda basi."

Nzomo alikuwa amesikia yote. Alipiga randa mara mbili tatu, akaiweka chini.

"Jembe lako lilikuwa zuri, Ephantus," alisema kwa upole. "Mwenzako amelilimia."

Ephantus alilia mbele ya mafundi wote, wala hakuna aliyecheka. Alikuwa ameipata njia bora kuliko zote za kuvuka jiji, na hakulivuka. Ama kweli, mchagua jembe si mkulima.